Staji ya psikolojia kwa watoto wenye usonji: nani anamushika mtoto wako, na nani anamusimamia?

Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufungwa, wanafunzi wa psikolojia wa Goma, Bukavu, Kisangani na miji mingine wanaanza kuzunguka na barua mkononi, wakitafuta fasi ya staji. Kuko wanaoenda hospitalini, kuko wanaopokelewa na mashirika yanayosaidia wahanga wa vita, na kuko wanaoenda shuleni. Wengine wanajikuta mbele ya watoto wasiosema, wasiomwangalia mtu machoni, wanaozungusha kifuniko cha chupa saa nzima, ama wanaoziba masikio na kulia wakati jenereta ya jirani inawaka. Ni watoto wenye usonji, hali ambayo wengi kwetu wanaijua zaidi kwa jina la Kifaransa, otisme.

Kwa mwanafunzi, staji ile ni pointi na diploma. Kwa mzazi iko tofauti kabisa. Mara nyingi stajiere ndiye mtu wa kwanza mwenye masomo ya juu aliyekubali kukaa chini, kwenye mkeka, na kucheza na mtoto wake. Mzazi anaweka matumaini yote pale. Kisha miezi miwili inapita, stajiere anapewa karatasi yake na anaenda. Ndiyo maana inafaa mzazi ajue staji ya namna hii inaenda namna gani, stajiere ana ruhusa ya kufanya nini, na nani anajibu kama kitu kimeharibika.

Usonji ni kitu gani

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tofauti tangu mwanzo wa maisha. Munganga Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore huko Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wa namna hiyo mwaka wa 1943. Mwaka uliofuata, 1944, Hans Asperger wa Vienna, Austria, naye aliandika juu ya watoto aliowaona kwenye kliniki yake. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kama mwaka wa 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Waganga wanatafuta mambo mawili pamoja. La kwanza ni shida ya kuwasiliana na kuchangamana na watu: mtoto haitiki akiitwa jina, haonyeshi kitu kwa kidole, hachezi na wenzake, ama anasema maneno lakini hajui kuzungumza na mtu. La pili ni kurudilia-rudilia: mchezo uleule, njia ileile, chakula kilekile, mikono inayopigapiga, na masikio ama ngozi inayosikia sana ama kidogo sana. Dalili zinaanza katika utoto mdogo, ingawa wengine wanazitambua tu mtoto akifika shuleni.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto na kwa kumuuliza mzazi maswali mengi. Na hakuna dawa inayouondoa. Kile kinachosaidia ni kumfundisha mtoto pole pole, kila siku, kwa njia inayoeleweka kwake, na kuwafundisha wale wanaoishi naye. Kazi hiyo inaomba masaa mengi na mikono mingi. Hapo ndipo wanafunzi waliingia katika hadisi hii.

Wanafunzi waliingia namna gani

Kwa muda mrefu, hata katika inchi tajiri, mama ndiye aliyekuwa anashitakiwa. Bruno Bettelheim, aliyekuwa anaongoza shule moja ya watoto wenye shida huko Chicago, alitoa kitabu mwaka wa 1967 kilichoeneza wazo kama mtoto anajifungia ndani sababu wazazi hawakumpenda. Bernard Rimland, mtaalamu wa psikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kupinga wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1964, akieleza kama shida inatoka kwenye ubongo. Rimland ndiye aliyekuwa na haki, lakini mama wengi walikuwa wamekwisha kubeba lawama ile miaka na miaka.

Huko North Carolina, Marekani, Eric Schopler na mwenzake Robert Reichler walifanya kinyume. Kwenye chuo kikuu cha Chapel Hill waliwaweka wazazi ndani ya kazi, wakawaita wasaidizi wa tiba. Mwaka wa 1972 jimbo lile lilikubali programu yao, TEACCH, iwe huduma ya jimbo zima. Msingi wake ni rahisi kueleza: mtoto mwenye usonji anaelewa zaidi kile anachokiona kuliko kile anachosikia. Basi fasi ya kazi inapangwa, kila kitu kinawekwa mahali pake, na picha zinamwonyesha nini kinaanza, nini kinafuata, na wakati gani kinaisha. Kwa kuwa programu iko ndani ya chuo kikuu, wanafunzi wa psikolojia wanapitia pale kujifunza, wakisimamiwa na wenye uzoefu.

California nako, Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha UCLA alitumia wanafunzi kwa wingi. Katika uchunguzi alioutoa mwaka wa 1987, watoto 19 wadogo walifundishwa karibu masaa 40 kwa juma, miaka miwili na zaidi, na wale waliokaa nao karibu siku nzima walikuwa wanafunzi wa chuo. Lovaas alisema watoto 9 kati ya 19 walifikia kusoma shule ya kawaida na kuwa na akili ya kiwango cha kawaida. Habari ile ilizunguka dunia nzima.

Lakini kuko upande mwingine ambao kila stajiere anapaswa kuujua. Watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo wataalamu wengi walisema matokeo yale hayatoshi kuthibitisha. Na zaidi: katika kazi ile, mtoto aliyekosa aliweza kupigiwa kelele ya «hapana», ama mara moja moja kupigwa kofi ya paja. Wanafunzi waliruhusiwa kufanya vile. Leo adhabu ya namna hiyo imekataliwa. Funzo lake linabaki: mwanafunzi anafanya kile msimamizi anamfundisha. Msimamizi akiwa mubaya, mwanafunzi mwenye moyo mwema naye ataumiza mtoto.

Masaa, msimamizi na ripoti

Kila inchi ina sheria zake. Ufaransa, jina la psikologi linalindwa na sheria tangu tarehe 25 Julai 1985: mtu hawezi kujiita vile bila diploma. Agizo la mwaka wa 2006 linaomba mwanafunzi wa mwisho afanye staji ya masaa 500 angalau. Anakuwa na wasimamizi wawili: mmoja ni psikologi wa kazini, mwenye uzoefu wa miaka 3 ama zaidi, na mwingine ni wa upande wa chuo. Mwishoni mwanafunzi anaandika ripoti na kuitetea mbele ya wakubwa wake.

Ubelgiji, ambako mfumo wa masomo ya Kongo ulitokea, sheria ya tarehe 10 Julai 2016 iliiweka psikolojia ya kliniki kati ya kazi za afya. Pamoja na miaka 5 ya chuo kikuu, inaomba mwaka mmoja wa kazi chini ya msimamizi kabla mtu hajaachiliwa kufanya peke yake.

Kwetu Kongo, masomo ya psikolojia yana historia yake, na sehemu kubwa ya historia ile iko mashariki. Mwaka wa 1971, wakati serikali ya Zaire iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, kitivo cha psikolojia na sayansi ya elimu kiliwekwa Kisangani. Vyuo vilipotenganishwa tena mwaka wa 1981, Kisangani ilibaki nacho. Wazee wengi wenye kufundisha psikolojia leo walipitia pale. Katika mfumo wa zamani mwanafunzi alifanya miaka 3 ya grajua na miaka 2 ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vinaingia katika mfumo mpya unaoitwa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udokta.

Kuhusu fasi za staji ya afya ya akili, mashariki ina vituo vinavyojulikana. Bukavu kuko Sosame, Goma kuko Tulizo Letu, vyote vikisimamiwa na Mabruda wa Upendo. Bukavu kuko pia Heri Kwetu, inayopokea watu wenye ulemavu. Mtoto mwenye usonji anaweza kuonekana fasi kama hizo, lakini pia kwenye kituo cha afya cha mtaa, kwenye shule ya watoto wenye ulemavu, ama nyumbani tu, mlango ukiwa umefungwa sababu ya haya.

Juma la kwanza: macho na masikio

Staji iliyopangwa vizuri haianzi na kumshika mtoto. Siku za kwanza stajiere anakaa pembeni na kaye yake, anaangalia. Anaandika kile anachokiona, si kile anachofikiri. «Mtoto ni mkorofi» si maandishi ya kazi. «Saa nne kengele ililia, mtoto akaziba masikio, akatupa kiti, mwalimu akamtoa inje, akanyamaza» ni maandishi ya kazi. Ndiyo njia ya hatua tatu ambayo kila stajiere anafundishwa: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Kisha juma moja la kuandika vile, sababu inaanza kuonekana. Labda mtoto hatupi kiti juu ya ukorofi. Labda kengele inamuumiza, na amekwisha kuelewa kama akitupa kiti, anatolewa fasi yenye kelele.

Kisha inakuja kazi ya kuongea na mzazi. Msimamizi anaongoza, stajiere anasikiliza na kuandika. Mimba ilipita namna gani? Mtoto alilia alipozaliwa? Alikaa na miezi ngapi, alitembea na miezi ngapi, neno la kwanza lilikuwa gani? Kuko maneno aliyokuwa nayo kisha yakapotea? Watoto wengine wenye usonji wanaanza kusema, na kati ya mwaka mmoja na miaka miwili maneno yanaenda. Mama anakumbuka siku zile vizuri kuliko karatasi yoyote.

Kwa watoto wadogo wa miezi 16 mpaka 30, kuko karatasi ya maswali 20 inayoitwa M-CHAT-R. Mzazi anajibu ndiyo ama hapana. Je, ukionyesha kitu kwa kidole, mtoto anaangalia? Je, anakuletea kitu ili ukione tu? Stajiere anaweza kuisoma pamoja na mzazi. Lakini karatasi ile haisemi kama mtoto ana usonji. Inasema tu kama inafaa aangaliwe zaidi. Alama 0 mpaka 2 ni hatari ndogo, 3 mpaka 7 ni ya katikati na inaomba maswali ya nyongeza, 8 na zaidi inaomba mtoto apelekwe kwa wataalamu bila kungoja.

Si kila mtoto anayenyamaza ana usonji

Hapa ndipo stajiere asiye na msimamizi anaweza kufanya kosa kubwa. Ameona dalili mbili kwenye kitabu, anamwambia mama: «Mutoto wako iko na otisme». Mama anarudi nyumbani na neno ambalo halitamtoka tena, na pengine si la kweli.

Kwanza ni masikio. Mtoto asiyeitika jina lake anaweza kuwa kiziwi. Kabla ya yote inafaa masikio yapimwe. Mtoto kiziwi mara nyingi anaangalia uso wa mama, anatumia mikono kuomba, anavuta watu wacheze naye. Lakini kukisia hakutoshi, kipimo kinahitajika.

Pili ni magonjwa yaliyopita. Malaria iliyopanda kichwani, uzazi uliochelewa na mtoto kukosa hewa, ama kifafa, vyote vinaweza kuchelewesha maneno na akili. Kifafa kinaweza pia kuwa pamoja na usonji kwa mtoto mmoja. Mtoto wa namna hiyo ana haja ya munganga, na kama amekwisha kupewa dawa ya kifafa, stajiere hana ruhusa kabisa ya kumwambia mzazi aikate.

Tatu ni vita. Katika majimbo yetu kuko watoto walioona mambo ambayo hata mukubwa hawezi kuyabeba. Mtoto kama yule anaweza kunyamaza, kukimbia watu, kukojoa kitandani, kurudilia mchezo mmoja wa kutisha. Swali linalosaidia kutofautisha ni hili: kabla ya siku ile, alikuwa namna gani? Kama alikuwa akisema, akicheza na wenzake, akicheka na watu, kisha akabadilika baada ya tukio, msimamizi atafikiria kwanza jeraha la moyo. Kama alikuwa vile tangu mudogo, kabla ya kukimbia, ni njia nyingine. Na mtoto mwenye usonji naye anaweza kuumizwa na vita. Kwake, kulala fasi mpya, kelele za kambi na chakula kigeni ni mzigo juu ya mzigo.

Lugha ya kitabu na lugha ya nyumbani

Vipimo vingi ambavyo wanafunzi wanajifunza chuoni viliandikwa kwa Kiingereza, kisha vikatafsiriwa kwa Kifaransa. Mtoto wa Uvira, Butembo ama Walungu nyumbani anasikia Kiswahili, Kifuliiru, Kinande ama Mashi. Akiulizwa kwa Kifaransa kisha akanyamaza, hatujui kama hakuelewa swali ama hakuelewa lugha. Picha nazo zina shida: kuna kipimo kinachoonyesha theluji ama mashine ya kufulia, vitu ambavyo mtoto hajaviona maishani.

Msimamizi mzuri anamwomba stajiere afanye kazi kwa lugha ambayo mama anaitumia jikoni. Na hakuna haja ya kumkataza mzazi kutumia lugha mbili nyumbani: lugha mbili hazileti usonji.

Vifaa navyo vinaweza kutoka hapahapa. Vifuniko vya chupa vya rangi mbili vinafundisha kutenganisha. Maharagwe na mabakuli vinafundisha kuhesabu na kumalizia kazi. Picha zilizochorwa kwenye karatoni, zikapangwa ukutani kutoka juu kwenda chini, kuamka, kuosha uso, kunywa chai, kuvaa, zinampa mtoto ratiba anayoweza kuiona.

Kuko pia njia ya kubadilishana picha, PECS, iliyotengenezwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka wa 1985. Mtoto asiyesema anajifunza kumpa mtu picha ya kitu anachokitaka, na hapo hapo anapewa kitu chenyewe. Mwanzoni inahitaji watu wawili: mmoja mbele ya mtoto ameshika ndizi, mwingine nyuma anamwongoza mkono bila kusema neno. Kwenye kituo chenye mfanyakazi mmoja, yule wa nyuma anaweza kuwa stajiere, kisha baadaye mama, dada ama bibi.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9 wanaochelewa kukua ama wenye usonji. Yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yalipangwa ili hata mtu asiye mtaalamu aweze kuyaendesha akiisha kufundishwa na kusimamiwa. Ndani yake mzazi anafundishwa kutumia kazi za kila siku, kuoga, kupika, kufua, kuwa saa za kumfundisha mtoto. Kwa stajiere, kazi ya namna hiyo ina faida kubwa kuliko kubaki ofisini na mtoto peke yake, sababu yeye ataenda lakini mama atabaki.

Kile stajiere hana ruhusa ya kufanya

Stajiere hatoi jina la ugonjwa. Anaweza kuandika alichokiona, lakini mwenye kuamua na kusaini ni msimamizi wake pamoja na munganga. Hatoi dawa, habadilishi dawa. Hamupigi mtoto, hamufungi, hamunyimi chakula ili «atii». Haahidi kama mtoto atapona ama atasema kisha miezi mitatu.

Hampigi mtoto picha kwa telefone yake na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi, hata kama ni «kwa kujifunza». Katika ripoti ya staji, jina la mtoto, la wazazi na la mtaa vinabadilishwa ama vinaondolewa. Habari aliyoisikia kwenye kituo haitoki na haifiki sokoni wala kanisani. Katika miji yetu ambamo watu wanajuana, jambo hili lina uzito: neno moja likitoka, mtoto anachekwa na dada zake wanakosa wachumba.

Na tena, stajiere hapokei franga za mzazi mkononi kwa «masaa ya nyongeza» nyumbani bila kituo kujua. Hapo hakuna msimamizi, hakuna kaye, na hakuna wa kujibu.

Mtoto si mchawi

Kuko familia ambazo, kabla ya kufika kwa munganga, zimepita kwenye vyumba vya maombi na kwa wapfumu. «Mutoto yangu wamemufunga kinywa», ndivyo inasemwa. Mtoto asiyelala usiku, anayecheka peke yake, asiyeogopa hatari, ni rahisi kumwita mchawi. Wengine wanafungishwa chakula siku nyingi, wanachapwa, ama wanafukuzwa.

Sheria ya Kongo iko wazi. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu kwa anayemtesa mtoto kwa sababu ya mashitaka hayo. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya watu wenye ulemavu inalinda haki zao, pamoja na haki ya kusoma na kutunzwa.

Stajiere anayekutana na mtoto kama yule hafai kugombana na familia peke yake, wala kunyamaza. Anaandika, anamwambia msimamizi siku ileile, na kituo ndicho kinachochukua hatua. Anaweza pia kumwambia mama jambo moja la kweli ambalo pengine hajaliambiwa na mtu: usonji hauletwi na dhambi yake, wala na chanjo, wala na jicho la jirani.

Staji inaisha, mtoto anabaki

Mtoto mwenye usonji anapenda mambo yasibadilike. Amezoea stajiere mmoja, sauti moja, mkeka mmoja. Siku moja yule mtu haji tena. Hawezi kuuliza aliko. Anaweza kurudia kulia, kujiuma mikono, ama kuacha yale aliyokwisha kujifunza. Mzazi naye anasema: «Walikuja kujifunzia kwa mtoto wetu, wakaenda.»

Ndiyo maana mwisho wa staji unatayarishwa mapema, majuma mawili ama zaidi. Kalenda ya picha inamwonyesha mtoto siku zinazobaki. Yule atakayeendelea anakaa pamoja na stajiere mara kadhaa kabla ya siku ya mwisho. Na kaye inaachwa kituoni, si kwenye mfuko wa mwanafunzi: mtoto anapenda nini, nini kinamuumiza, picha ngapi anazijua, maneno gani yametoka. Kwa mama inaachwa karatasi moja, kwa lugha yake, yenye mambo mawili ama matatu tu ya kufanya kila siku. Kituo kikipokea wanafunzi kila mwaka bila kaye ile, kila stajiere anaanza kwa sifuri, na mtoto anahojiwa upya kila mwaka.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Mzazi ana haki ya kukubali ama kukataa mwanafunzi afanye kazi na mtoto wake, na kukataa hakupaswi kumnyima mtoto huduma. Anaweza kuuliza hivi, kwa heshima, bila kuogopa:

Jina lako ni nani, unatoka chuo gani, uko mwaka wa ngapi?

Nani anakusimamia hapa, na naweza kumuona leo?

Utakaa na mtoto wangu mpaka tarehe gani, na kisha nani ataendelea?

Masikio ya mtoto yamekwisha kupimwa, ama tuanzie wapi?

Naweza kukaa ndani wakati unacheza naye?

Maandishi yako juu ya mtoto wangu yatabaki wapi, na nani atayasoma?

Wanafunzi nao wana lao la kuuliza kabla ya kupeleka barua: msimamizi atakuwa pale siku ngapi kwa juma, wataketi naye wakati gani kusomea kaye pamoja, na kituo kinapokea watoto wangapi. Fasi ambako wanajibiwa «utajipanga mwenyewe», hata kama iko karibu na nyumbani na inatoa muhuri haraka, haitawafundisha kazi, na mtoto ndiye atakayeilipa.